Jedwali Halikatai, Amri Hazisemi

Makambako, Jumapili alasiri

Mwanangu Tumsifu,

Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako na najua hutarudi kabla ya saa moja, maana wale wakianza wimbo mmoja wa kuaga wanamaliza na wa sita. Umeme upo leo. Mjomba wako Lutengano amefunga yadi, na mimi nimekaa kwenye meza ya kompyuta kwa sababu ndiyo meza pekee humu ndani isiyojaa vitu vyako vya safari. Habari za sweta, za kutomwachia mtu begi stesheni, za kula kabla ya kulala, mama yako mdogo ameshazisema zote, na nyingine amezisema mara mbili. Sina la kuongeza huko.

Nina jambo moja tu. Juzi jikoni uliniuliza swali nikakujibu vibaya. Ulisema kampuni unayokwenda kuanza kazi huko Dar es Salaam, hao wanaotengeneza mapaa ya chuma, wamekupa kazi ya kwanza ya kuamua namna ya kupanga michoro yao. Waipange kwa ukoo, yaani mchoro mmoja wa mama na jedwali la vipimo vya watoto wake. Au waiandikie amri, kompyuta yenyewe ifuate kanuni na kuchora kila paa upya. Ukaniuliza, "Mama, ungekuwa mimi ungechagua nini?" Nikasema, "Ningekuwa wewe nisingekuwa naondoka." Ukaweka sahani chini, ukatoka.

Lile halikuwa jibu, lilikuwa teke. Jibu ni hili, na nimeamua kuliandika kwa sababu mimi na wewe tukizungumzia michoro hatumalizi dakika tano kabla majirani hawajajua.

Nilivyofika Makambako unajua, umesikia mara nyingi kuliko ulivyotaka. Baba yako alipofariki ndugu zake walikaa kikao Njombe, wakagawana nyumba, cherehani, na mabati ya choo. Ya choo, mwanangu, walipanda wakayang'oa. Nikaja hapa njia panda nikauza mabanzi, yale maganda ya nje ya magogo ambayo wenye mashine waliyahesabu kuwa takataka. Kutoka mabanzi nikaenda kwenye mbao, kutoka mbao nikaenda kwenye kenchi, kwa sababu niliona wajenzi wananunua mbao kwangu halafu wanahangaika siku nzima juu ya ukuta kuziunganisha ziwe fremu ya kubebea bati. Nikasema nitawauzia fremu yenyewe, imeshakatwa, wao wapandishe tu. Kwa hiyo ulipoanza kuita mafungu ya kenchi "koo", ujue neno hilo lina ladha yake mdomoni mwangu.

Sehemu ambayo sikuwahi kukusimulia vizuri ni ya Fundi Komba. Wewe ulikuwa shule ya msingi, labda unamkumbuka kwa kofia tu. Komba alikuwa anasimama kwenye msingi wa nyumba, anavuta kamba kona kwa kona, anatazama juu kidogo kama anayesikiliza, halafu anataja urefu wa kila ubao. Karatasi hakuwa nayo. Paa la kawaida, paa la pande nne, paa linalokunja na kukutana na jingine, yote alikuwa nayo kichwani. Tukiwa na Komba hakuna nyumba tuliyoikataa. Nilimwongezea mshahara mara tatu na kila mara nilijiona mjanja.

Wiki moja, zahanati ikiwa nusu imeezekwa, alipata kazi ng'ambo ya Tunduma. Alikuja kuniaga kwa adabu zake zote. "Kamwene mama. Mimi naenda." Akapanda lori. Nilimwendea mjomba wako nikamwuliza, lile bonde mapaa mawili yanapokutana, Komba alikuwa analikataje? Lutengano akajikuna. "Dada, alikuwa anakata tu. Mimi nilikuwa nashika ubao upande wa pili."

Zahanati ile ilikaa na mbavu nje masika nzima. Watu walipita wakiuliza kama ni zizi.

Ndipo tulipochora ile sakafu. Wewe umekulia juu yake, umeirukia kamba, lakini sidhani umewahi kufikiri ilitoka wapi. Ilitoka kwenye hasira. Tuliweka saruji shedi nzima, Lutengano akachora kenchi za ukubwa wake halisi pale chini, nikapaka rangi mwenyewe kwa mkono wangu: nyekundu nyumba ya mita sita, bluu saba na nusu, njano tisa. Unalaza ubao juu ya mstari, unakata panapokatwa, unapigilia panapopigiliwa. Mtu niliyemwajiri asubuhi, mchana anatoa kenchi iliyonyooka. Hakuna tena wa kunijia na salamu yake ya kamwene akaondoka na yadi yangu kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nililala usingizi.

Lakini nilivyo mimi, nikipata kitu kinachonilinda nakigeuza sheria. Mtu akija na nyumba ya mita nane namwambia, vuta ukuta ndani uwe bluu, au chukua njano ukubali bati lining'inie nje. Wengine walikubali. Kuna nyumba ukitoka hapa kwenda Njombe, mkono wa kulia baada ya daraja, mgeni mrefu hawezi kuingia barazani bila kuinama. Ile ni njano yangu. Wengine hawakukubali, wakaenda kwa jirani. Na mimi ninayehesabu misumari, sikuwahesabu wale waliotoka getini mikono mitupu, kwa kuwa anayetoka bila kununua haandikwi popote.

Kompyuta ilipokuja, ile ambayo Mzee Sefu aliipakia kwenye lori lake kutoka Dar katikati ya magodoro mawili, wewe ulikuwa likizo yako ya kwanza ya chuo. Ukakaa hapa nilipokaa sasa, ukaingiza sakafu yangu ndani ya kioo. Mchoro mmoja, na pembeni jedwali: upana wa nyumba, mwinuko wa paa, unene wa ubao, idadi ya vishikizo vya katikati. Mstari wa sita, mstari wa saba na nusu, mstari wa tisa. Ukanionyesha kwamba nikitaka rangi mpya sihitaji ndoo wala brashi, naongeza mstari tu na kenchi inatokea. Nililipenda jedwali lile kuliko nilivyoonyesha. Kwanza, nililielewa. Pili, hakuna aliyeweza kunificha kitu ndani yake.

Na lilinipa heshima, tusifichane. Unawajua makandarasi wa mjini. Wanaingia yadi, wananipita, wanakwenda kwa Lutengano. "Bosi, tuna mchoro hapa." Siku moja mmoja wao aliniambia nimletee kiti. Mjomba wako akamjibu, "Bosi ndiye huyo uliyemtuma kiti." Nilileta kiti, nikakaa mimi, nikafungua jedwali, nikampa idadi ya mbao kabla hajamaliza kutafuta kalamu.

Sasa ghala la Mzee Sefu. Yeye hakutaka tisa, alitaka kumi na mbili, malori yageuke ndani. Wewe ulikuwa umerudi chuoni. Nikaongeza mstari. Kwenye upana nikaandika kumi na mbili, na mengine yote nikayanakili kutoka mstari wa tisa, vishikizo vile vile, ubao ule ule. Kompyuta ikanivutia kenchi ndefu, nzuri, imetulia, mistari yote inakutana. Hakuna kilicholalamika. Nikaiamini kwa kuwa ilikuwa inapendeza.

Masika ya kwanza paa likashuka katikati. Halikuanguka, namshukuru Mungu, lakini lilishuka mpaka ukisimama barabarani unaona. Mzee Sefu hakunigombeza. Alikuja mpaka getini, akasalimia, akauliza habari zako, halafu akasema, "Mama Tumsifu, mimi ndiye niliyeamrishwa kusujudu. Paa langu nalo limesilimu lini?"

Nilicheka kwa aibu. Tulisimamisha nguzo katikati ya ghala kwa gharama yangu, pale pale malori yalipotakiwa kugeukia, na mpaka leo madereva wake wakirudi nyuma wanazitukana zile nguzo kwa jina langu. Na mtu mwingine angeniharibia sifa mji mzima. Yeye aliwaambia watu nguzo alizitaka mwenyewe.

Uliporudi likizo ukautazama ule mstari wangu. Ulisema neno moja tu: "Mama, jedwali halikatai." Nami, badala ya kusikia, nikakujibu, "Na wewe ulikuwa wapi?" Swali la kipumbavu. Ulikuwa chuoni ambako mimi ndiye niliyekupeleka.

Likizo ile hukutoka nje. Ndipo ulipoandika amri zako. Nakumbuka mara ya kwanza ulipotuita, mimi na mjomba wako. Kompyuta ikauliza kwa Kiswahili, upana wa nyumba? Lutengano akaandika nane. Mwinuko? Bati gani? Ikakaa kidogo, halafu kenchi ikachorwa ubao kwa ubao mbele yetu, na ilipofika katikati ikaongeza vishikizo viwili ambavyo hatukuviomba, kwa sababu iliona upana unavihitaji. Kisha printa ikatoa karatasi ya kukatia. Mjomba wako akaichukua, akaitazama mbele na nyuma. "Huyu ni Komba," akasema. "Ila huyu hapandi lori."

Waliokwenda kwa jirani walianza kurudi. Nyumba za mita nane, za tisa na robo, za pande nne. Sikukusifu. Nilisema printa inakula wino. Leo nakusifu, ingawa karatasi hii haina uso wa kuutazama na ndiyo maana naweza.

Halafu ikaja nyumba ya mchungaji. Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu mpaka leo, kwa hiyo nitausimulia kama ulivyokuwa upande huu, kwa sababu wewe unaujua upande wa simu tu.

Unakumbuka nilivyokueleza, zamani mbao zilitoka kiwanda kimoja cha serikali. Zilikuwa chache, foleni yake ilihitaji mtu wa kukujua, lakini inchi ilikuwa inchi. Soko lilipofunguliwa kila mwenye mashine ya kupasulia akaingia msituni, na mimi nisingekuwa hapa bila hao, siwasemi vibaya. Ila kila mashine ilikuja na inchi yake. Ubao wa mbili kwa nne ukiupima hapa njia panda unakuta moja na robo tatu kwa tatu na nusu. Ukitoka milima ya kule unakuta hata hiyo haifiki. Mchana mpasuaji amebadilisha msumeno, jioni ubao umebadilika. Sisi tunajua. Muuzaji anajua, mnunuzi anajua, na wote tunaendelea kuuita mbili kwa nne, na hakuna anayemwambia mwenzake kwa kuwa ni sawa na kumwambia kuwa Njombe kuna baridi.

Amri zako ziliamini mbili ni mbili na nne ni nne. Uliziandika kwa elimu ya chuoni, na kwenye vitabu ubao unaitwa kwa kipimo chake. Mwanzoni bahati ilitubeba, mbao zilikuwa za mpasuaji mmoja mwaminifu. Za mchungaji zilikuja nyembamba. Tulikata seti nzima kwa karatasi ya printa, na tulipoanza kuunganisha, kila kiungo cha ukingoni kikaacha pengo la kuingiza kidole. Lutengano akafungua amri zako atafute unene umeandikwa wapi abadilishe. Alikaa pale tangu chai mpaka ugali. Akaniita. "Dada, humu ni mabano. Mabano ndani ya mabano. Sijui lipi mlango lipi dirisha. Nikitoa moja nyumba nzima inaanguka."

Nikaenda kupiga simu chuoni kwenu. Wakasema uko kwenye mtihani. Nikapiga tena, wakasema uko kwenye mtihani. Nikarudi nikamwangalia yule mchungaji ameketi juu ya rundo la mbao zake, na sikumwona mchungaji, niliona zahanati. Nilimwona Komba anapanda lori. Usiku ule nilikuandikia barua ile, na maneno yaliyokuwemo siyarudii. Wewe ukanijibu mistari miwili: "Mama, hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mbili kwa nne siyo mbili kwa nne. Ungeniambia, ningeiweka nje ambapo mjomba anaifikia."

Nilikasirika zaidi, kwa kuwa ilikuwa kweli. Miaka yote nimekupa kila kitu ninachokijua, na kile nilichokijua kupita vyote sikukupa, kwa sababu sikujua kuwa ni ujuzi. Nilidhani ni hewa.

Basi, jibu la swali lako.

Ukifika kwenye hiyo ofisi usikae kwenye kompyuta. Omba kazi zao za mwaka uliopita, zilale mezani, uzipange mafungu. Mimi nimefanya hivyo Ijumaa kwa oda zetu, baada ya wewe kutoka jikoni. Nilitaka kukushinda, nikwambie ukweli. Nimekuta karibu nne katika kila tano ni nyumba zinazotofautiana ukubwa tu. Sura ni ile ile. Hizo hazihitaji amri zako. Wiki tatu za likizo yako zilikwenda kwenye kazi ambayo mistari tisa ya jedwali ingeifanya, na ingefanywa na yeyote. Ziweke kwenye ukoo, mistari iliyokwisha kuthibitishwa uifunge, asije mtu kama mimi akavuta tisa mpaka kumi na mbili.

Ile moja ya tano ndiyo yako. Pale ambapo ukiongeza upana si urefu tu unaoongezeka bali kipande kipya lazima kizaliwe, pale jedwali litakudanganya huku linatabasamu. Hapo andika amri, na uziandike zijue kukataa. Ila usizimezeshe vitu vinavyobadilishwa na soko. Unene wa chuma, urefu wa bati, chochote ambacho muuzaji anaweza kukubadilishia mchana wakati wewe umelala, kiache nje kwenye jedwali, amri ziende kukisoma huko. Huko Dar chuma nacho kina mbili kwa nne yake, nakuhakikishia. Hawatakuambia. Si kwa ubaya. Nenda karakana mwenyewe na futi yako, umwulize anayekata, siyo anayenunua.

Na kabla hujaamua lolote uliza swali hili, nalo ndilo lililonichukua miaka: siku likivunjika, nani atakuwa amesimama hapo? Kama ni mtu wa kukata chuma, basi mpe kitu cha mtu wa kukata chuma. Wewe unapenda amri kwa sababu ni zako na ni nzuri. Mimi napenda jedwali kwa sababu linaniachia usukani. Tumegombana miaka miwili tukisema ni kenchi.

Najua utasoma hapa useme, Mama ameshinda tena, anataka jedwali. Subiri.

Jana ulipokwenda kusukwa, barua ya mkuu wa shule ya Mlangali ililetwa na dereva, na ramani ya bweni. Ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kuombwa. Watoto wanalala darasani kwa sasa, meza zimepangwa ukutani. Upana wake unazidi rangi zote na unazidi hata ghala la Mzee Sefu. Nikamwambia Lutengano, tujaribu bila yeye, kesho kutwa hayupo. Alikwenda kwenye rundo akapima mbao kumi, akaandika ile nyembamba kuliko zote kwenye jedwali ulilotutolea nje baada ya mchungaji. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, hakuniuliza kitu. Nikaona, mtoto huyu alitusikia. Kompyuta ikauliza upana, ikauliza mwinuko. Ikafikiri. Halafu ikaandika:

"Upana huu bado. Muulize Tumsifu."

Mjomba wako alicheka mpaka akashika meza. "Hata mashine inajua nani mwenye akili hapa." Nami nikacheka. Halafu cheko likanikatika.

Maana najijua. Wiki ijayo mkuu wa shule atapiga simu, nami nitakupigia wewe. Nitasema ni watoto wa shule, njoo siku mbili tu. Wewe utaomba ruhusa. Uko kwenye miezi yao ya kukupima, watakupa ruhusa ya kwanza kwa uso mzuri, ya pili kwa uso mwingine. Na mapaa magumu hayaishi Njombe yote hii, na kila moja kioo kitaandika jina lako, na kila mara nitakuwa na sababu nzuri. Mwisho watakuambia ubaki huku huku. Utashuka stesheni na sanduku, nami nitakupokea, nitapika kuku, nitasema watu wa Dar ndivyo walivyo. Na nitalala usingizi. Hilo ndilo nitakalofanya, mwanangu, nakueleza kama ninavyomweleza mteja bei, bila kupunguza.

Kwa hiyo nakuomba asubuhi kabla ya treni. Inatoka Zambia, haijawahi kunifikia kwa saa yake, muda upo. Keti na mjomba wako, siyo mimi, mimi nitaingilia. Mwonyeshe mstari ule ulipo. Abadilishe mwenyewe kwa kidole chake, akosee, arudie. Badala ya jina lako iandikwe sababu: kwa nini inakataa, na kitu gani lazima kijulikane kabla haijakubali. Kama unachokijua kuhusu upana ule hakiandikiki kwa asubuhi moja, basi iandike kwamba ramani ipelekwe kwa mhandisi wa wilaya Njombe. Nitaipeleka Jumanne. Nitakaa kwenye benchi lake mpaka aitazame. Nimekaa mabenchi marefu kuliko la kwake. Akisema haiwezekani kwa mbao zetu, nitamwandikia mkuu wa shule hivyo hivyo, na kazi itakwenda kwa mwingine. Nitaumia. Sitakupigia.

Amri zenyewe zibaki. Hilo ndilo nililokuambia ulisubiri. Sizing'oi, na Lutengano hataki nizing'oe. Kilichonitisha ni ule mstari mmoja.

Mchana huu wakati unavaa nilifungua mle ndani nikataka kulifuta jina mwenyewe, nikuokolee muda. Nililiona, liko chini kabisa, limezungukwa na mabano pande zote. Niliweka kidole kwenye kitufe. Sikuweza, nikafunga.

Uji utakuwa tayari saa kumi na mbili. Mjomba wako nimemwambia aje na miwani yake.

Mama yako